Boya halipo mahali pake

"Taa imezimika." Ilani nyingi kwa mabaharia husema hivyo na kunyamaza. Unapewa jina la taa, nyuzi na dakika za mahali ilipo, nambari ya ramani, basi. Huambiwi betri imeibwa au mnara umeanguka, wala itawaka lini. Nyingine husema boya halipo mahali pake, au halipo kabisa, au kuna meli imelala chini ya maji mahali ambapo juzi palikuwa na kina cha pima kumi na tano. Nilizisoma karibu kila siku kwa miaka saba niliyokuwa baharini, na mpaka leo nikiona sentensi fupi namna hiyo kwenye simu moyo hushtuka kwanza, ndipo akili inaniambia ni ujumbe wa luku.

Nilikuwa afisa wa pili kwenye meli za shehena. Kwa asiyejua mpangilio wa melini: nahodha ni nahodha, afisa wa kwanza ana shehena na sitaha, afisa wa pili ana ramani, na kwa sababu ambayo sikuwahi kuelezwa vizuri, ana sanduku la dawa pia. Kila wiki idara ya ramani za bahari ya Uingereza, iliyoko Taunton, mji wa bara usiosikia hata harufu ya chumvi, hutoa kijitabu cha Ilani kwa Mabaharia. Kazi hiyo waliianza mwaka 1834. Siku zangu kijitabu kililetwa na wakala bandarini, na tukikaa sana baharini vilikuja vitatu vinne kwa mpigo. Hapo usingizi wa afisa wa pili ndipo unapoishia. Unatandaza ramani mezani, unachukua kalamu ya wino wa zambarau, maana wino mwekundu hupotea chini ya taa nyekundu tunayowasha usiku. Unafuta taa hapa, unahamisha boya pale, unaandika kina kipya, kisha pembeni, chini kushoto, unaandika mwaka na nambari ya ilani, ili atakayekuja baada yako ajue ramani hii imesahihishwa mpaka wapi. Mabadiliko ya kudumu huandikwa kwa wino. Ya muda huandikwa kwa penseli, kwa kuwa kesho yanaweza kufutwa. Kuna ramani nilizokabidhiwa zikiwa na safu ya nambari ndefu kama daftari la madeni la duka la mtaani.

Babu yangu mzaa mama hakuwahi kumiliki ramani. Alikuwa nahodha wa jahazi, Tanga kwenda Pemba na Mombasa, kaskazi na kusi, nazi na boriti na chochote kilicholipa. Aliijua njia kwa rangi ya maji, kwa bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, ikibidi, na kwa kulenganisha: mnazi fulani ukiwa sawasawa na pembe ya kilima fulani, hapo una mlango wa kupitia, ukiuacha mnazi upande, una mwamba. Lakini minazi hukatwa, na mafungu ya mchanga husogea. Basi ilani zake zilitoka wapi? Zilitoka kwa waliotangulia. Chombo kikiingia, kabla nanga haijashika, walioko pwani walishauliza: huko mlikotoka kuna nini? Na jibu lilikuwa na kila kitu ambacho kijitabu cha Taunton kinacho. Fungu limekua upande wa kusini. Kuna mashua imezama, mlingoti unaonekana maji yakitoka, yakijaa hauonekani. Taa ya kisiwani haikuwaka usiku ule. Tofauti ni kwamba babu aliweza kumgeukia msemaji na kumuuliza: mlingoti ni mnene kiasi gani? Umelalia wapi? Wewe mwenyewe umeuona au umesikia? Kijitabu hakiulizwi.

Pwani yetu ina historia ndefu ya wageni waliokosa kuuliza. Kusini mwa Tanga, karibu na Mtangata, kuna mafungu ambayo Wareno waliyaita kwa jina la meli yao, São Rafael. Aprili 1498 chombo hicho cha msafara wa Vasco da Gama kilipanda fungu hapo na kupwelewa. Kumbukumbu za safari ile zinasema wakiwa wamekwama hivyo walifikiwa na mitumbwi miwili ya wenyeji, mmoja umejaa machungwa, nao wakayasifu kuwa matamu kushinda ya kwao. Maji yalipojaa chombo kikaelea, wakaenda zao. Walipokuwa wanarudi kutoka India, Januari 1499, mabaharia wengi wakiwa wamekufa na waliobaki hawatoshi kuendesha meli zote, wakaichoma moto São Rafael palepale. Kwa Wareno fungu lilipata jina siku lilipowaumiza. Nina hakika wenye machungwa walikuwa na jina lao tayari, na njia ya kulizunguka pia.

Zanzibar nayo ilijifunza jinsi bandari inavyoweza kubadilika kabla chai haijapoa. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa muda usiozidi saa moja. Vitabu vya shule hutwambia habari za Seyyid Khalid, kasri lililobomoka na vita vifupi kuliko vyote duniani. Mimi, kwa maradhi ya kazi, nikisoma habari ile huwa nawaza taa. Mnara wa taa uliokuwa umesimama mbele ya Beit al-Ajaib uliharibiwa na mizinga, na chombo cha Sultani, Glasgow, kikazamishwa palepale bandarini, milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka, mpaka 1912 mabaki yalipovunjwavunjwa. Fikiria nahodha aliyeondoka Lamu kabla ya siku ile, akaja kuingia Unguja usiku. Taa aliyoizoea haipo. Mahali palipokuwa na maji pana milingoti. Nani amemwambia?

Dar es Salaam kichekesho kilikuwa cha Wajerumani. Agosti 1914, vita vilipofika, walizamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari ili Waingereza wasiingie. Manowari yao wenyewe, Königsberg, ilikuwa imetoka siku chache kabla. Ikawa haina tena bandari ya kurudi. Ikaishia kujificha kwenye delta ya Rufiji, na huko ndiko ilikomalizwa Julai 1915.

Hayo ni ya zamani, na mtu anaweza kusema siku zile hakukuwa na redio kila mahali. Sasa niwaeleze habari za mwaka 1971, maana ndizo zilizonifanya chuoni niache kuliona somo la maboya kuwa somo la kukariri rangi.

Tarehe 11 Januari 1971, kwenye mlango bahari wa Dover kati ya Uingereza na Ufaransa, meli ya Peru iliyoitwa Paracas iligongana na meli ya mafuta, Texaco Caribbean. Ile ya mafuta ililipuka ikazama. Usiku haujapita vizuri, kesho yake, meli ya Kijerumani Brandenburg ikapita juu ya mabaki, ikachanika, ikazama nayo. Sasa zikawa meli mbili chini. Pakawekwa meli ya taa, pakawekwa maboya yenye taa, redio zikatangaza. Wiki zikapita. Tarehe 27 Februari meli ya Kigiriki, Niki, ikapita katikati ya onyo lote lile, ikagonga mabaki, ikazama na watu wake wote 22. Jumla ya waliokufa kwa meli tatu ni 51.

Mwalimu wetu alituuliza: Niki hawakuonywa? Darasa zima likajibu walionywa. Akasema, basi mnieleze wamekufaje. Hakuna aliyejibu.

Jibu lenyewe halijulikani lote, kwa kuwa hakubaki mtu wa kuulizwa. Lakini wakati ule dunia ilikuwa na mifumo zaidi ya thelathini ya maboya. Rangi iliyomaanisha "pita kushoto" kwa taifa moja ilimaanisha jambo jingine kwa jirani yake, na alama ya meli iliyozama ilikuwa na lahaja zake kila bandari. Kilichowafika mabaharia kilikuwa taa. Maana ya taa haikufika. Ajali ile ndiyo iliyowasukuma watu wa shirika la kimataifa la minara ya taa, IALA, kutafuta lugha moja, na mwaka 1980 kwenye mkutano wa Tokyo wakakubaliana, ila si sawasawa. Kukawa na kanda mbili. Kwetu Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia ni kanda A: ukiingia bandarini kutoka baharini, nyekundu iwe kushoto kwako, kijani kulia. Amerika zote, Japani, Korea na Ufilipino ni kanda B: kinyume chake. Ndiyo lugha moja waliyoipata, yenye lahaja mbili, na afadhali mbili kuliko thelathini.

Hapa nina ungamo dogo la Mswahili. Katika mfumo huo kuna maboya ya dira, yanayokuonyesha upande ulio salama. La mashariki humulika mara tatu, la kusini mara sita kisha mmuliko mmoja mrefu, la magharibi mara tisa, la kaskazini humulika bila kuhesabika. Vitabu vinakwambia ukumbuke uso wa saa: tatu iko mashariki, sita kusini, tisa magharibi. Rahisi, kwa Mzungu. Mimi nilipoambiwa "saa tatu" kichwani mshale mfupi ulikwenda wenyewe kwenye tisa, maana ndipo unapokaa saa tatu asubuhi watu wakinywa chai kazini. Kwenye jaribio la kwanza boya la mashariki nililiweka upande wa magharibi. Mwalimu, naye mtu wa pwani, hakunikosoa kwa maneno. Alichora saa ubaoni, akaandika chini yake "saa ya Kizungu", akaendelea na somo.

Mwaka 2002 jambo lilelile likarudi karibu na palepale. Tarehe 14 Desemba meli ya kubeba magari, Tricolor, iligongwa na meli nyingine katika ukungu ikazama na magari karibu 3,000. Watu wote walipona. Siku mbili baadaye, licha ya onyo la redio na meli za ulinzi, meli iitwayo Nicola ikapanda juu yake. Tarehe 1 Januari 2003 ikaja Vicky, imebeba mafuta, nayo ikapanda. Kutokana na hapo ndipo lilipobuniwa boya la dharura, la milia ya wima ya buluu na njano, lenye taa inayopokezana buluu na njano, ambalo halifanani na kitu kingine chochote baharini. Lilianza kutumika 2006. Napenda wazo lake: halikwambii upite wapi. Linakwambia hapa pana kitu kipya, usichokijua, simama ufikiri.

Nisiwe nawasema wenzangu tu. Na mimi nimewahi kuwa Niki, kwa dakika nne hivi.

Ilikuwa bandari moja ya Bahari ya Hindi. Sitaitaja, maana kosa halikuwa lao. Walikuwa wametoa ilani kama inavyotakiwa: boya la kijani kwenye kona ya mlango limeburutwa na bahari chafu, limesogea kaskazini karibu mita mia tatu. Ilani ya muda, kwa hiyo penseli. Ilitaja ramani mbili, ile ya kukaribia bandari na ile kubwa ya bandari yenyewe. Nikachukua ya kwanza, nikachora. Nikiwa nanyoosha mkono kuchukua ya pili nikaitwa: mpishi kamwagikiwa na mafuta ya moto mkononi. Nikaenda na sanduku langu la dawa. Nilimfunga vizuri, nikamtuliza, nikarudi, nikaikuta ramani juu ya meza imeshachorwa, na penseli iko juu yake. Akili ikasema: umemaliza.

Tuliingia usiku wa tatu baada ya hapo. Tulikuwa tunatumia ramani kubwa, ile safi. Boya la kijani likaonekana, linamulika vizuri kabisa, nasi tukalifuata tukiliweka kulia kama dini inavyotaka. Kifaa cha satelaiti kilikuwa kinatuambia ukweli muda wote, lakini usiku jicho huvutwa na taa, na nilipoona vitu viwili haviafikiani niliiamini taa. Aliyetuokoa ni baharia wa usukani, mzee wa Kifilipino asiyependa maneno. Alisema tu kwamba nyuma ya boya anaona weupe. Weupe ule ulikuwa mawimbi yanavunja mwambani. Boya lilikuwa limekwenda kukaa juu ya mwamba uleule lililowekwa kutuepusha nao. Nahodha akageuza kushoto kabisa. Kipimo cha kina kilishuka mpaka mita mbili na kidogo chini ya mkuku, kikakaa hapo, halafu kikaanza kupanda.

Hakunifokea. Tulipofunga gati alikuja kwenye meza ya ramani, akatazama karatasi moja, akatazama nyingine, akachukua penseli akaitia kwenye mfuko wa shati langu. Akaenda kulala. Ningependelea anifokee.

Miaka michache baadaye nikasoma habari za meli ya kivita ya Marekani, Guardian, iliyopanda mwamba wa Tubbataha huko Ufilipino tarehe 17 Januari 2013. Ramani yao ya kidijitali ilikuwa imeuweka mwamba ule karibu maili nane za baharini kutoka mahali pake. Kosa lilikuwa limeshagunduliwa na kusahihishwa kwenye ramani moja, halikusahihishwa kwenye nyingine. Mwamba huo una mnara wa taa. Meli ilikwama hata ikabidi ikatwe vipandevipande na kuondolewa. Nilipofika kwenye sentensi ya ramani moja kusahihishwa na nyingine kusahauliwa nilikunja gazeti, nikatoka nje kupunga upepo.

Siku hizi wino wa zambarau umestaafu kwenye meli nyingi. Marekebisho huja kama faili, unabofya, ramani ya skrini inajisahihisha. Nisidanganye, ni jambo jema. Mpishi akiungua, faili haliitwi. Lakini skrini ina uchawi wake. Novemba 2014 mashua ya mashindano ya kuzunguka dunia, Vestas Wind, ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius, usiku, kwa mwendo wa kasi. Miamba ilikuwamo kwenye ramani yao. Ilikuwa haionekani mpaka uikuze picha, nao hawakuwa wameikuza vya kutosha. Karatasi ina ubaya wake, lakini haifichi kitu mpaka uiguse.

Na kuna hili jipya zaidi ambalo bado sijalizoea: boya lisilokuwepo. Mamlaka inaweza kutangaza alama kwa redio ya utambuzi wa meli, ikajitokeza kwenye skrini za meli kubwa mahali pa hatari, na pale baharini pasiwe na chochote, si chuma, si taa, maji matupu. Ni rahisi, haliburutwi, haliibwi betri. Kwa meli iliyozama jana ni msaada wa haraka. Ila ukipita na ngalawa katikati ya alama hiyo hutaona kitu.

Hilo la ngalawa sikuliwaza mpaka niliporudi nyumbani. Nauza vipuri vya mashine za boti Tanga sasa, na jioni nikipata nafasi hushuka dikoni kunywa kahawa na wavuvi. Usiku wa giza, wa dagaa, bahari yetu huwa kama mji kwa taa zao; nilipokuwa melini nilizilaani taa zile, maana zilinifanya nitafute taa ya mnara kama mtu anayetafuta sindano kwenye harusi. Sasa naziangalia kutoka upande wa pili. Jioni moja kijana mmoja, ambaye huniita Kapteni kwa utani, akaniambia: "Kapteni, ile taa yenu imekufa."

"Yetu sisi nani?"

"Si nyinyi wa meli?"

Nikamuuliza ipi. Akanielekezea kwa kidevu kule ilipo. Nikamuuliza ilikuwaje ilipokuwa hai, nikitaka kuhakikisha ni hiyo. Akasema, inakonyeza mara mbili, inalala, inakonyeza tena. Akanionyesha kwa pumzi ilikuwa inalala kwa muda gani. Nilihesabu kwa saa yangu, nikafungua orodha ya taa kwenye simu, nikakuta amekosea sekunde moja. Tangu lini? Hapo wakaanza kubishana. Tangu mwezi mchanga wa Shaabani. La, kabla ya hapo, siku ile mashua ya fulani ilipovunja usukani. Mzee mmoja akakata shauri: usiku wa tatu baada ya bamvua, yeye alikuwa anarudi, akaitafuta hakuiona, akajiongoza kwa mnara wa msikiti.

Kwa hiyo walijua. Walikuwa wanajua kwa zaidi ya mwezi mzima, diko zima, na habari zilikuwa zimeshavuka hadi Pemba. Meli zinazopita zilikuwa hazijui. Hakuna aliyeficha, ila wavuvi hakuna aliyewauliza.

Ilani ya bahari, tukiitazama vizuri, huanza na mtu aliyeona. Kuna fomu maalumu kwa ajili hiyo, meli zinazotumia ramani za Kiingereza huijua kwa nambari yake, H.102, na nimewahi kuijaza mara kadhaa nikiwa kazini. Nikaijaza tena dikoni, juu ya goti. Jina la chombo kilichoona: ngalawa. Namna ulivyopata mahali ulipo: kulenganisha minazi na mnara wa msikiti. Muda: na hapo nikacheka peke yangu. Mzee alisema saa mbili usiku. Saa mbili ya Kiswahili ni ishirini kamili ya saa za Afrika Mashariki, nayo ni kumi na saba kwa saa ya dunia inayotumika kwenye ilani. Na tarehe nikaipata kwa kuhesabu nyuma kwa mwezi na bamvua. Nadhani ni mara chache sana fomu ile imepata ushahidi uliopitia kalenda mbili na saa tatu.

Nikaipeleka kwenye ofisi inayohusika, ambayo nayo sitaitaja. Nikaambiwa nilete barua ya utambulisho yenye muhuri. Nikauliza muhuri wa nani, wa ngalawa? Haikuwachekesha. Nilirudi na barua ya duka langu la vipuri, ikapokewa.

Kutoka hapo njia ni ndefu. Dunia imegawanywa katika maeneo 21 ya maonyo ya bahari, na kila eneo lina nchi ya kuratibu. Sisi na Wakenya tuko eneo la nane, chini ya India, na ofisi yao ya ramani za bahari iko Dehradun, chini ya milima ya Himalaya. Sijui kwa nini watu hawa hupenda kukaa mbali na maji. Mpaka wa eneo unapita karibu na mdomo wa Ruvuma. Ng'ambo ya pili, Msumbiji, ni eneo la saba, na maonyo yao huratibiwa Afrika Kusini. Mvuvi wa Msimbati na mvuvi wa Palma wanaona upeo mmoja na wanazungumza wakaelewana, lakini kitu kikielea baharini kati yao, onyo litatoka upande mmoja kwenye Himalaya na upande mwingine kwenye Rasi. Na litatoka kwa Kiingereza, kwa satelaiti, kwenye mashine ambayo wote wawili hawana.

Najua nitajibiwa kwamba wavuvi hawahitaji, kwa kuwa wanajua bahari yao. Taa moja iliyozimika, kweli, wanaijua kabla ya sisi wote. Lakini hawajui meli ya utafiti inayokuja wiki ijayo ikiburuta nyaya za maili kadhaa nyuma yake, wala eneo lililofungwa kwa mazoezi ya mizinga, wala kasha lililodondoka kutoka kwenye meli na kuelea nusu limezama. Hayo tunayajua sisi. Na isisemwe haiwezekani kuwaambia. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo mkali na mawimbi makubwa kwa Kiswahili safi, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja Mafia, dikoni hapa kila mtu alikuwa anazungumza habari zake siku mbili kabla, vyombo vimevutwa juu. Redio ileile, simu zilezile. Sijawahi kusikia humo kwamba boya limehama.

Ilani ya taa yetu ilitoka baada ya wiki kadhaa. Nilishuka nayo dikoni kwenye simu, nikawasomea: jina la taa, mahali ilipo, imezimika. Mzee wa bamvua akaniuliza jina lake mbona halimo. Nikamwambia hawaandiki majina. Akaniuliza, na wakitaka kuuliza jambo, watamuuliza nani?

Miezi ikapita. Usiku mmoja, saa tano hivi, simu ikalia, na nyuma ya sauti ya kijana kulikuwa na mngurumo wa mashine ya boti. "Kapteni, taa yako imewaka. Nimeihesabu mara tano, ni ileile."

Kwa meli zote duniani ilikuwa bado imezimika. Nikawasha taa ya chumbani taratibu nisimwamshe mke wangu, nikatafuta fomu. Saa tano usiku, ongeza sita za Wazungu, toa tatu za Greenwich. Nilikosea hesabu, nikafuta, nikaanza upya. Kwa penseli.